Modemu ya mtumba: Namna ya kuihoji kwa amri kabla ya kuitupa

MODEMU ya mtumba inapogoma kuiunganisha kompyuta na intaneti, mwenye nayo huona njia mbili tu mbele yake: kuitupa na kutafuta nyingine, au kuipeleka kwa fundi. Kwa mkazi wa Malinyi, wilaya ya Mkoa wa Morogoro iliyomegwa kutoka Ulanga, njia zote mbili zina gharama, kwa sababu vifaa vya aina hiyo na mafundi wake hupatikana zaidi Ifakara, ng'ambo ya Mto Kilombero.

Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018, liliwaondolea wasafiri adha ya kusubiri kivuko. Hata hivyo, wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, sehemu kubwa ya bonde hujaa maji, na safari ya kwenda na kurudi kwa ajili ya kifaa kidogo kama kidole inaweza kumla mtu siku nzima pamoja na nauli.

Ipo njia ya tatu, nayo haihitaji nauli. Modemu yenyewe inaweza kuulizwa ina tatizo gani, ikajibu kwa maandishi. Majibu hayo hutenganisha mambo ambayo kwa macho yanafanana: kadi isiyosomeka, modemu iliyofungwa kwa kampuni moja, mawimbi hafifu, laini iliyokataliwa na mtandao, na jina la huduma lililokosewa. Kati ya hayo, ni machache tu yanayomlazimu mtu kusafiri au kununua kifaa kingine.

Jambo hili si la wapenda kompyuta peke yao. Zahanati hutakiwa kuwasilisha taarifa zake za MTUHA kila mwezi, shule husajili watahiniwa wa mitihani ya Taifa kwa mtandao, na malipo mengi ya Serikali hufanywa kwa namba maalumu inayotolewa kwa njia ya mtandao. Palipo na kompyuta moja na modemu moja, hitilafu ya siku tatu hugeuka kuwa ucheleweshaji wa ofisi nzima.

Aina mbili zisichanganywe

Kabla ya yote, mnunuzi wa mtumba anapaswa kujua ameshika modemu ya aina gani. Katika marobota na maboksi ya vifaa vilivyotumika Ulaya na Marekani huwamo modemu za kebo, yaani zile zenye tundu la mviringo lenye nyuzi za skrubu, la kuunganishia waya mnene kama ule wa antena ya televisheni.

Modemu ya kebo hufuata viwango vinavyoitwa DOCSIS, ambavyo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997. Ikiwashwa, hutafuta masafa ya mawimbi yanayoshuka kutoka kituo cha kampuni, ikishayapata hupanga nguvu ya mawimbi yake ya kupandisha, kisha huomba anwani, hupakua faili la maelekezo na mwisho hujisajili katika mtambo wa kampuni hiyo. Bila mtambo huo upande wa pili wa waya, safari yote hukomea hatua ya kwanza.

Kwa sababu hiyo, modemu ya kebo iliyochomekwa umeme Malinyi itapepesa taa bila kikomo, na ikisomwa kwa dirisha lake la amri itaonyesha kuwa inatafuta masafa, inashindwa, inaanza upya. Hilo si ugonjwa wa modemu. Ni kwamba hapana kebo ya aina hiyo mahali hapo. Kifaa kama hicho hufaa katika miji yenye mtandao wa kebo, kama Nairobi, ambako kampuni ya Wananchi Group iliujenga kwa jina la Zuku. Hata katika miji hiyo, modemu ya mtumba haifanyi kazi mpaka kampuni ikubali kuiandikisha.

Modemu inayofaa katika Bonde la Kilombero ni ile inayotumia kadi ya simu, hasa ile ndogo inayochomekwa katika tundu la USB la kompyuta. Huawei na ZTE ndio watengenezaji ambao modemu zao za aina hiyo zilienea sana nchini. Maelezo yanayofuata yanahusu modemu hizo.

Lugha ya AT

Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa modemu ya simu ya mezani iliyokuwa ikipokea amri kwa maandishi. Kila amri ilianza na herufi AT, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kuita usikivu. Lugha hiyo ilirithiwa na modemu za simu za mkononi, na leo amri zake za msingi zimo katika viwango vya kimataifa vya 3GPP. Ndiyo maana swali lile lile huweza kuulizwa kwa modemu za watengenezaji tofauti na likajibiwa.

Ili kuongea na modemu, panahitajika kompyuta na programu ya kutuma maandishi. Katika Windows, programu ya PuTTY hutosha. Ni faili dogo linaloweza kubebwa katika flashi. HyperTerminal, iliyokuwamo ndani ya Windows XP, haimo katika matoleo yaliyofuata. Katika Linux hutumika minicom au screen. Ni busara kuzipakua programu hizi mapema kwa simu au kwa kompyuta ya mwenzako, kwa kuwa siku ya hitilafu intaneti haitakuwapo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kompyuta imeiona modemu. Katika Linux, amri ya lsusb huorodhesha vifaa vyote vya USB. Vya Huawei huanza na namba 12d1 na vya ZTE huanza na 19d2. Baada ya hapo hujitokeza milango yenye majina kama /dev/ttyUSB0, ttyUSB1 na ttyUSB2. Katika Windows, mlango huonekana katika orodha ya vifaa kwa jina la COM na namba yake.

Yapo mambo matatu yanayowakwamisha wengi hapa. La kwanza, modemu nyingi hujitambulisha kwanza kama diski yenye programu za usakinishaji, na huwa modemu baada ya kubadilishiwa hali. Katika Linux kazi hiyo hufanywa na programu ya usb_modeswitch. La pili, programu ya ModemManager huweza kuushikilia mlango, hivyo isimamishwe kwanza kwa amri ya sudo systemctl stop ModemManager. La tatu ni umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na modemu inapotafuta mnara wa mbali huhitaji umeme mwingi kuliko inapokuwa karibu na mnara. Kompyuta iliyochoka, au waya mrefu wa kuunganishia, huifanya izime na kuwaka kila mara. Ijaribiwe katika tundu jingine bila waya kabla ya kulaumiwa.

Mlango ukishafunguliwa kwa kasi ya 115200, iandikwe:

AT

Jibu linalotakiwa ni OK. Jibu hilo fupi lina maana kubwa: ubongo wa modemu ni mzima. Ikiwa hapana jibu, ujaribiwe mlango mwingine, kwa kuwa modemu moja huwa na milango miwili au mitatu na si yote inayopokea amri. Ikiwa herufi zinazoandikwa hazionekani, amri ya ATE1 huzirudisha. Modemu za Huawei zina desturi ya kujisemea zenyewe taarifa za mawimbi katikati ya kazi; amri ya AT^CURC=0 huzinyamazisha.

Ikumbukwe kuwa baadhi ya modemu za baadaye za Huawei, ziitwazo HiLink, kwa kawaida hazitoi mlango wa amri. Hizo husomwa kwa kivinjari katika anwani 192.168.8.1.

Wewe ni nani?

Swali la pili ni la utambulisho:

ATI
AT+CGSN

Amri ya kwanza hutaja mtengenezaji, aina na toleo la programu ya ndani. Ya pili hutoa IMEI, namba ya tarakimu 15 ya kukitambulisha kifaa. Namba hiyo ilinganishwe na ile iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye modemu, mara nyingi chini ya kifuniko cha kadi. Zikitofautiana, kuna uwezekano kuwa namba ya ndani imechezewa au ganda limebadilishwa, na mnunuzi ana kila sababu ya kurudisha kifaa kwa muuzaji.

Hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadili namba ya utambulisho ya kifaa cha mawasiliano. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisimamia uzimaji wa simu zenye namba bandia nchini kote. Katika kampeni hiyo wananchi walielekezwa kutuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15090 ili kujua uhalali wa kifaa. Modemu haina kibodi ya kubonyeza *#06# kama simu, hivyo AT+CGSN ndiyo njia ya kuipata namba yake.

Kadi imesomeka?

Kabla ya kuendelea, iandikwe AT+CMEE=2, ili modemu itoe sababu ya kosa kwa maneno badala ya neno ERROR peke yake. Kisha iulizwe:

AT+CPIN?

Jibu la READY maana yake kadi imesomeka na iko wazi. SIM PIN maana yake kadi inadai namba ya siri, ambayo huingizwa kwa kuandika AT+CPIN="1234", kwa kuweka namba halisi mahali pa mfano huo. Ikikosewa mara tatu, kadi hudai PUK, na PUK ikikosewa mara kumi kadi hufa kabisa. Aliyefika kwenye PUK asikisie. Aiombe kwa kampuni ya simu.

Likija jibu la kwamba kadi haimo wakati imo, tatizo huwa katika meno ya shaba ya kishikizio cha kadi. Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika huyashambulia. Kadi itolewe, isuguliwe taratibu kwa kitambaa kikavu na irudishwe. Kadi iliyokatwa kwa mkasi ili iingie katika simu ndogo hukaa vibaya katika modemu ya zamani, na tiba yake ni kubadilisha kadi, si modemu.

Imefungwa kwa kampuni moja?

Modemu nyingi zilizouzwa na kampuni za simu zilifungwa zisikubali kadi ya kampuni nyingine. Ikiwa modemu inafanya kazi kwa kadi ya muuzaji na inagoma kwa kadi ya mnunuzi, hapo ndipo pa kuanzia. Swali la kimataifa ni:

AT+CLCK="PN",2

Jibu la 0 maana yake haijafungwa, na 1 maana yake imefungwa. Kwa modemu nyingi za Huawei, AT^CARDLOCK? hutoa maelezo zaidi. Jibu la ^CARDLOCK: 1,10,0 maana yake imefungwa na zimesalia nafasi 10 za kuingiza namba ya kuifungua. Namba ya mwanzo ikiwa 2, imeshafunguliwa.

Namba hiyo ya katikati ndiyo ya kuangaliwa kuliko zote wakati wa kununua. Muuzaji au fundi aliyebahatisha namba huzila nafasi hizo moja baada ya nyingine, na zikiisha modemu haikubali tena namba ya kuifungua hata ikiwa sahihi. Modemu iliyobakiwa na nafasi moja au mbili haistahili bei ya modemu nzima, isipokuwa kwa mtu atakayeendelea na kampuni ile ile. Njia salama ni kuomba namba ya kufungulia kwa kampuni iliyoiuza.

Mawimbi yanafika?

Kadi ikiwa tayari, iulizwe nguvu ya mawimbi:

AT+CSQ

Jibu huja kwa sura kama +CSQ: 12,99. Namba ya kwanza ndiyo inayohusika. Huanzia 0, ambayo ni dBm -113 au chini yake, na kuishia 31, ambayo ni dBm -51 au zaidi. Kila hatua moja ni dBm 2. Hivyo 12 ni dBm -89. Chini ya 10 ni hafifu, kati ya 10 na 14 inatosheleza, na kuanzia 15 ni nzuri. Namba 99 maana yake modemu haikuweza kupima kitu.

Bonde la Kilombero liko kati ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki. Katika tambarare ya mashamba ya mpunga mawimbi husafiri mbali, lakini nyuma ya kilima au chini ya miti minene hupungua ghafla. Bati la paa na ukuta mnene navyo huyapunguza. Mtu anaweza kuandika AT+CSQ dirishani, mlangoni na juu ya kabati, akaandika kila jibu, kisha akaiweka modemu palipo bora. Waya wa USB wa mita mbili au tatu, ulio imara, huweza kuipandisha hadi juu ya dirisha na kuongeza hatua kadhaa bila gharama kubwa.

Jibu likibaki 99 ilhali simu iliyo kando yake inapata mtandao, suala ni ama antena ya ndani au bendi. Mitandao ya 3G ya Tanzania hutumia megahezi 2100 na 900, wakati modemu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huweza kuwa na 850 na 1900 tu kwa 3G. Modemu kama hiyo ni nzima, lakini haitaisikia 3G ya hapa, na hakuna amri inayoweza kuiongezea bendi ambayo haikujengwa nayo.

Wakati mwingine mwenye kifaa wa zamani aliilazimisha kutumia 3G tu, kisha ikaletwa mahali penye 2G peke yake. Katika modemu nyingi za Huawei za 3G, AT^SYSCFG? huonyesha mpangilio huo: 13 ni 2G tu, 14 ni 3G tu na 2 ni kuchagua yenyewe. Amri ya AT^SYSCFG=2,2,3FFFFFFF,1,2 huirudisha katika kuchagua yenyewe na kutanguliza 3G inapopatikana.

Mtandao umeipokea?

Kusikia mawimbi si sawa na kupokelewa. Swali linalofuata ni:

AT+CREG?

Katika jibu kama +CREG: 0,1 ni namba ya pili inayosomwa. 1 maana yake imepokelewa nyumbani. 5 maana yake imepokelewa ikiwa mgeni. 2 maana yake bado inatafuta. 0 maana yake haijapokelewa wala haitafuti. 3 maana yake imekataliwa. AT+CGREG? huuliza jambo lile lile kwa upande wa data.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Mawimbi yakiwa 18 na usajili ukiwa 3, hakuna fundi wa kufungua modemu atakayesaidia, kwa kuwa mtandao umeiona na kuikataa. Sababu za kawaida ni laini iliyofungwa au IMEI iliyozuiwa. Laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na modemu za mtumba mara nyingi huuzwa zikiwa na kadi kuukuu ndani. Kadi hiyo iachwe. Mnunuzi atumie laini aliyoisajili kwa kitambulisho chake. Ikiwa laini hiyo inafanya kazi katika simu na inakataliwa katika modemu, IMEI ndiyo inayotiliwa shaka.

Amri ya AT+COPS? hutaja mtandao uliopokea modemu. AT+COPS=? huorodhesha mitandao yote inayosikika mahali hapo, lakini huchukua dakika moja au zaidi, na asiye na subira hudhani imekwama. Mitandao ya Tanzania huanza na namba 640. Vodacom ni 64004 na Airtel ni 64005. Orodha hii humsaidia mtu kujua ni laini ya kampuni gani inafaa kijijini kwake kabla ya kuinunua. AT+COPS=0 huirudisha modemu katika kuchagua mtandao yenyewe.

Jina la huduma

Yote yakiwa sawa na intaneti bado haipatikani, iangaliwe APN, jina la lango la data la kampuni:

AT+CGDCONT?

Modemu iliyotoka kwa kampuni nyingine au nchi nyingine hubeba jina la huko ilikotoka. Hubadilishwa kwa amri kama AT+CGDCONT=1,"IP","internet", kwa kuweka jina linalotolewa na huduma kwa wateja ya kampuni husika. Kisha modemu ijaribiwe kupiga:

ATD*99#

Neno CONNECT likitokea, njia imefunguka, na herufi za ajabu zinazofuata ni za kawaida. Dirisha lifungwe na programu ya kuunganisha iachwe ifanye kazi yake, baada ya kurekebishiwa APN hiyo hiyo. NO CARRIER likitokea ilhali usajili ni 1, liangaliwe salio au bando la laini, kisha APN kwa mara ya pili.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi mwenye kompyuta ndogo anaweza kufanya uchunguzi huu mbele ya muuzaji kwa muda usiozidi dakika kumi, kwa amri sita: AT, AT+CGSN, AT+CPIN?, AT+CLCK="PN",2, AT+CSQ na AT+CREG?, akitumia laini yake mwenyewe. Asiye na kompyuta amwombe muuzaji azionyeshe.

Kwa modemu iliyo tayari mikononi, majibu ndiyo yanayoamua. Kadi chafu, mahali pabaya, mpangilio wa 3G tu na APN iliyokosewa hutengenezwa hapo hapo Malinyi. Laini iliyofungwa na namba ya kufungulia huhitaji kampuni ya simu, wala si fundi. Zinazobaki kwa ajili ya safari ya Ifakara ni modemu isiyojibu AT katika kompyuta mbili tofauti, na ile inayotoa 99 mahali ambapo simu ya mtandao huo huo inasikika vizuri. Majibu ya amri yaandikwe katika karatasi na kwenda pamoja na kifaa, ili fundi aanzie pale mwenye modemu alipoishia.